Msinizike kwa Jina la Hawa

Pale Mtawanya, miaka ile Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wakipasua mapori kutafuta pa kupitisha reli na pa kujenga bandari, aliishi mwanamke mmoja akiitwa Mastura binti Iddi. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara wala cheo, ilikuwa kuwauliza watu maswali wasiyopenda kuulizwa. Na kama kuna mtu aliyewahi kubishana naye akatoka mshindi, basi mtu huyo hakuwa wa Mtawanya, labda alikuwa mpita njia.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, ana mikono mipana ya mtu aliyezoeana na jembe. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, mabinti zake wawili walikuwa wameolewa Mikindani, naye alibaki na mama yake mzazi, Bi Hadija, na shamba la mihogo, na mikorosho kumi na saba aliyoijua mmoja mmoja kama watu. Majirani walimpenda, ila kwa mbali, kama anavyopendwa yeyote anayeshika wafu. Wakimtania kwamba mla huliwa na mwosha huoshwa, aliwajibu, "Najua. Ndiyo maana ninyi nawaosha vizuri, atakayeniosha mimi apate kujifunza."

Sasa kuna jambo lazima lielezwe mapema, maana bila hilo hakuna kisa. Pwani ya kule mtu akishafukiwa, mwalimu hukaa kichwani pa kaburi akamsomea talakini. Humwita maiti kwa jina, akamkumbusha Mola wake na Mtume wake, asije akababaika malaika watakapomjia na maswali. Na anapomwita hamtaji baba. Humtaja mama. Huku juu mtu ni Fulani bin Fulani, baba ndiye mwenye sifa zote na shamba na kiti cha mbele. Kule chini anayejulikana ni mama. Jina la mama lisipopatikana, husomwa Hawa, kwa kuwa sote ni wa Hawa. Kwa hiyo mwosha ndiye anayeulizwa kabla ya maiti kutoka: huyu mama yake nani?

Mwaka wa 1948 alifariki mwanamke mmoja wa mtaani, mtu aliyekaa nao miaka arobaini, akapika kwenye harusi zao, akalea watoto wao wakati wao wako shambani. Mwalimu alipouliza jina la mama yake, watu wakatazamana. Huyu akasema alikuja na marehemu mumewe, yule akasema hapana, alikuja na dada yake. Jina la mama hakuna aliyekuwa nalo. Akasomewa Hawa, wakapangusa udongo mikononi, wakarudi kula.

Mastura alifika nyumbani amefura. "Miaka arobaini tumekula pilau lake," alimwambia mama yake, "na hakuna aliyemuuliza katoka tumbo gani. Mimi kuku wangu nawajua mama zao."

Kesho yake alikwenda Mikindani akanunua daftari na penseli. Kuandika alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, enzi ambazo mtoto wa kike kushika kalamu kulionekana ni kujitafutia balaa. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mkubwa, amekandamiza penseli mpaka alama inatokea ukurasa wa nyuma. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba na ukili wake wa mkeka. Aliketi uani na wanawake wenzake, vidole vikisuka na mdomo ukiuliza: mama yako nani, na mama yake yeye nani, alizaliwa wapi, alikuja huku na nani, alizikwa wapi. Akipata jina aliweka ukili chini akaandika.

Wako waliofurahi wakamwaga hadithi mpaka chungu kikaungua jikoni. Wako waliomfukuza. Mzee mmoja alimuuliza kama anaiandikia serikali au anawaandikia majini.

"Nawaandikia watoto ambao hawajazaliwa," Mastura alisema. "Hao ndio watakaouliza, na wewe siku hiyo utakuwa huna mdomo."

Wengi waliomfukuza asubuhi walimtuma mtu jioni na majina mawili matatu. Hakuwacheka, au tuseme hakuwacheka mbele yao. Baada ya miaka minne alikuwa na madaftari matatu, ameyafunga kwa kipande cha kaniki na kuyatia kwenye kopo la biskuti mchwa wasiyafikie.

Lakini mganga hajigangi. Ukurasa wa kwao mwenyewe ulikuwa na pengo. Upande wa baba majina yalishuka bila kukatika. Upande wa mama aliandika Hadija, na juu ya Hadija hapakuwa na kitu. Bi Hadija alifiwa na mama yake angali ananyonya. Mwenye umri wa kukumbuka alikuwa kaka yake, Mzee Athumani, mjomba wa Mastura, na Mzee Athumani alikuwa na maneno yake.

Huyu Athumani alikuwa mtu mkubwa pale Mtawanya. Umri ulikuwa unakaribia themanini, mgongo bado umenyooka, kanzu haijawahi kuonekana na doa. Msikitini alikaa safu ya mbele. Nyumbani kwake, nyumba ya pili kutoka kwa dada yake, aliweka ndani ya mwanzi nasaba ya ukoo iliyoandikwa kwa wino mwekundu na mweusi, majina kumi na mawili ya wanaume, yamepanda mpaka Uarabuni. Akiulizwa kuhusu mama yake alisema alikuwa mwana wa watu wa Kilwa, Mshirazi, mwanamke wa heshima, na mwanamke wa heshima jina lake halitembezwi. Alisema hivyo miaka hamsini, kwa sauti ile ile, na watu walishachoka kuuliza.

Mastura hakuchoka. Aliyemfundisha kuosha, marehemu Bi Fatuma, alikuwa amemwambia siri moja kabla ya kufa. "Bibi yako mzaa mama nilimwona kwenye kitanda cha kuoshea," alisema. "Mimi nilikuwa msichana, namshikia mama yangu kata. Usoni alikuwa na chale za Kimakonde, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kigingi wanachovaa wanawake wa kwao. Pale nyumbani walimwita Faida, ndilo jina alilopewa na aliyemnunua. Homa ilipompanda alikuwa akitaja Kitaya, Kitaya, mpaka roho ikatoka."

Mshirazi wa Kilwa mwenye ndonya. Mastura alicheka siku hiyo, kisha akalia, kisha akakaa na siri yake miaka mingi bila kujua aifanyie nini.

Korosho za mwaka wa 1952 zilipokwisha kuokotwa, Bi Hadija alianza kuvimba miguu. Mara kifua nacho kikambana. Hospitali walimpa dawa wakamrudisha, na yeye mwenyewe aliona maji yamezidi unga. Siku moja alimwita bintiye aketi karibu na kitanda.

"Mastura, msinizike kwa Hawa. Hawa namheshimu, lakini siye aliyenizaa. Miaka yote nimesikia watu wakiitwa kwa mama zao, nikasema na mimi siku yangu itakuwaje. Umewatafutia watu baki mama zao. Nitafutie wangu."

"Nitamtafuta, mama."

"Upesi basi. Sina siku nyingi za kugawa."

Hiyo ndiyo ikawa kazi. Mastura hakuchelewa. Alijitanda kanga akavuka uwanja hadi kwa mjomba wake, akamkuta barazani na msahafu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mgonjwa vipi?"

"Mgonjwa anataka jina la mama yake kabla hajaondoka. Ndilo lililonileta."

Mzee Athumani alifunga msahafu taratibu. "Nilishasema. Mwanamke wa heshima jina lake halitembezwi."

"Mjomba, Bi Fatuma alimwona akioshwa. Alikuwa na ndonya. Kilwa wameanza lini kuvaa ndonya?"

Uso wa mzee ukabadilika. Alitazama huku na huku kama kuna anayesikia, akashusha sauti. "Unajua mjukuu wangu Halima ameposwa na nani? Watu wa Sharifu Alawi wa Mikindani. Masharifu. Neno moja la utumwa likitoka katika ukoo huu, posa inarudi, na mimi nitatembea njiani watu wakinisonya. Hayo madaftari yako yalete hapa niyachome."

"Siyaleti."

"Mastura, mimi ni mjomba wako. Hapa mjomba ndiye mzazi."

"Ndiyo, na kwa sababu wewe ni mzazi nimekuja kukuuliza kwa adabu. Hiyo nasaba yako ina wanaume kumi na wawili, mwanamke hata mmoja hamna. Walizaana wao kwa wao?"

Mzee aliinua mkongojo. Hakumpiga, lakini aliuinua, na Mastura hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mkataa kwao ni mtumwa," alisema. "Bibi alikamatwa tu, hakutaka. Wewe unajiuza mwenyewe kila siku hapa barazani." Akaondoka bila kuaga, maana hakuna mtu Mtawanya aliyewahi kusema hivyo na mjomba wake, na yeye mwenyewe hakujua kama atayasema mpaka yalipokwisha kutoka.

Mzee Athumani hakukaa kimya. Alimwendea Mwalimu Selemani, aliyekuwa akisalisha na kuzika pale mtaani, mtu mpole asiyependa ugomvi, akamwambia Mastura asiitwe tena kuosha, amekuwa mfitini. Mwalimu akaitikia. Wiki ile ile akafa mke wa mtu, na wanawake wakamwita Mastura kama kawaida, wakasema Mwalimu akitaka aje aoshe yeye. Hapo likaisha.

Mwezi wa tano, mvua zilipopungua na njia kupitika, alimwacha mama yake mikononi mwa binti yake mkubwa, aliyekuja kutoka Mikindani, akaomba nafasi kwenye lori lililokuwa likishuka Kilambo. Kutoka hapo alishika njia kwa miguu akifuata mto hadi kijiji cha Kitaya, na mihogo ya kukaanga kwenye kikapu, na daftari kifuani chini ya kanga. Aliuliza kila nyumba ni nani anayekumbuka watu waliokamatwa zamani. Wakamwelekeza kwa Bibi Asha.

Bibi Asha alikuwa na miaka themanini na ushei, mdogo kama kifaranga, mkali kama pilipili, na puani ugoro haukosi. Alimkuta kwenye kibanda cha kuamia ndege katikati ya mpunga wake bondeni. Mastura akaamkia, akaeleza habari yake yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha ndege.

"Unawaona hao? Wewe ukizungumza wao wanakula. Niamie siku tatu, nami nitakwambia ninachojua."

"Bibi, mama yangu ni mgonjwa."

"Na mimi mpunga wangu umeiva."

Basi mwosha maiti wa Mtawanya, mwanamke mwenye wajukuu, akapanda kibandani na kombeo. Siku ya kwanza alitupa madongoa mpaka bega likamuuma. Siku ya pili sauti ikakauka, akawa anapiga debe. Siku ya tatu ndege walimzoea, wakawa wanaruka kwa heshima tu kisha wanatua palepale. Bibi Asha alicheka mpaka ugoro ukamwagika, na jioni akasema, "Haya, mjukuu wangu, kaa."

Akamweleza kwamba mama yake yeye Asha alikuwa na wadogo zake wawili wa kike. Walikwenda mtoni kuteka maji, wote wawili, na walipotafutwa ilikutwa mitungi yao ufukweni, mmoja umevunjika. Msichana mmoja aliitwa Nambunga, mwingine Nantala. Miaka ikapita, na wafanya biashara ya chumvi wakaleta habari kwamba mmoja yuko pwani, kwenye nyumba ya watu upande wa Mikindani, amezaa mtoto wa kiume. Mwingine hakufika.

"Aliyefika ni yupi?" Mastura aliuliza. Penseli ilikuwa tayari.

Bibi Asha alivuta ugoro, akafumba macho kitambo. "Nambunga. Nambunga ndiye aliyekuwa mkubwa, mwenye nguvu. Mama yangu alikuwa akimtaja Nambunga."

"Na ninyi huku hamwoni haya kuyasema?"

"Nione haya kwani mimi ndiye niliyewakamata? Mficha uchi hazai. Andika."

Mastura akaandika. Aliandika Nambunga wa Kitaya juu ya jina la Hadija, akaitazama karatasi kama mtu aliyepata kitu kilichopotea. Yule Nantala hakumwandika. Hakufika pwani, hakuzaa, na ukurasa ulikuwa unakwisha.

Alipofika nyumbani hakuvua hata kanga ya safari. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia mama yake, "Wewe ni mwana wa Nambunga." Bi Hadija alilitamka jina lile polepole, kisha akalitamka tena. Kwa wiki tatu zilizobaki kila aliyeingia kumjulia hali aliambiwa: mimi Hadija, mama yangu Nambunga, kwao Kitaya. Dirisha lilikuwa wazi na alisema kwa nguvu zake zote. Kabla ya safari ile Mzee Athumani, nyumba ya pili, alikuwa akija kila asubuhi kumwangalia dada yake. Sasa alituma salamu tu.

Bi Hadija alifariki siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri. Mastura alimwosha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, binti zake wakimpa maji na Halima akishika kata. Akamkausha, akamtia karafuu maiti, akamvisha sanda. Uwanjani wanaume walishajaa, jeneza limewekwa tayari. Kwenye baraza la Mzee Athumani alikaa Sharifu Alawi na watu wake wanne, wamekuja kuzika kama wakwe watarajiwa.

Mwalimu Selemani akaja mpaka kizingitini, akakohoa. "Bi Mastura, pole kwa msiba. Nimekuja mwenyewe nisije nikaonekana nimekuficha. Mzee amesema kaburini nisome Hadija mwana wa Hawa."

Mastura alitoka akasimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa bado imelowa. "Jina la mama yake unalijua. Mtaa mzima unalijua, alilisema mwenyewe."

"Mzee ndiye mwenye maiti. Mimi nifanyeje?"

"Mimi makaburini siendi, ni mwanamke. Nikiitoa maiti hii mlango huu, huko mtasoma mtakavyo na mimi sitasikia. Kwa hiyo haitoki."

Mtu mmoja akasema maiti hacheleweshwi, ni dhambi. "Ni kweli," Mastura akamjibu, "basi fanyeni haraka kusema jina." Mwalimu akajaribu tena, akasema lile jina lenyewe si la Kiislamu. Mastura akamwambia Mungu alimuumba yule mwanamke kabla hajapewa jina lolote na mtu yeyote, atamjua tu. Mwalimu akarudi nyuma, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli.

Hapo Mzee Athumani akashuka barazani kwake akavuka uwanja, mkongojo ukipiga ardhi. "Toka mlangoni, Mastura."

"Sitoki, mjomba. Mama aliniomba jambo moja maisha yake yote. Nimewatafutia wageni, nishindwe kwake yeye? Mkitaka nitoke, nishikeni mniburute mbele ya wageni wenu, na ndani humu mna wanawake na maiti. Atakayeweza aanze."

Hakuna aliyeanza. Mastura akamwita Halima amletee daftari. Msichana akasita, akamtazama babu yake, kisha akaenda akalileta. Mastura akalifungua akasoma kwa sauti ya kufikia barazani: "Hadija, mwana wa Nambunga wa Kitaya. Nambunga alikamatwa mtoni akiteka maji, akauzwa, akaitwa Faida na waliomnunua. Aliwazaa watu wawili. Hadija na Athumani." Akainua macho. "Athumani huyu hapa. Mwana wa Nambunga."

Barazani tasbihi ya Sharifu Alawi ikasimama.

"Siye," alisema Mzee Athumani.

"Mjomba, hata leo?"

"Nimesema siye." Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ile ya miaka hamsini. "Nambunga ni dada yake mama. Alifia njiani, kabla hawajafika pwani, wakamwacha porini hata udongo hawakumtupia. Mama alimlilia mpaka siku yake ya mwisho. Alikuwa akiniweka mapajani akinihadithia. Nilikuwa na miaka tisa alipokufa, nakumbuka kila neno." Akapangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Mkimwita dada yangu kwa jina la Nambunga, mama atajuaje kama ndiye mwanawe anayeitwa? Mama yangu ni Nantala."

Mastura alishika mwimo wa mlango. Kwanza yalimjia maumivu, maana mama yake alikufa akijiita mwana wa mtu mwingine, na aliyemfundisha jina hilo ni yeye. Kisha ikamjia hasira.

"Ulilijua. Wiki tatu amekuwa akikosea, wewe nyumba ya pili unamsikia, ukanyamaza."

"Nilimsikia," alisema mzee. "Kila siku nilimsikia. Nilitoka hadi mlangoni kwangu mara nyingi. Sikuweza."

Ungedhani Mastura angemwonea huruma. Alimwonea, lakini alikuwa hajamaliza. "Rudia, mjomba. Walio barazani hawakusikia vizuri."

Mzee Athumani aligeuka, akawatazama wageni wake. "Mama yangu ni Nantala," alisema. "Mmakonde wa Kitaya. Alinunuliwa."

Sharifu Alawi alitia tasbihi mfukoni, akavaa viatu, akainuka. Watu wake wanne wakainuka naye. Walipita katikati ya uwanja bila kumuaga mtu, bila kumngoja maiti. Halima, pale mlangoni, alikuwa anawaona. Mzee Athumani naye aliwaona, aliona ile posa ikiondoka na kanzu zake nyeupe ikishika njia ya Mikindani, na kitu fulani kikamnyoosha mgongo. Akawapandishia sauti kama muadhini, wakiwa wameshampa migongo:

"Nantala. Mama yangu ni Nantala."

Mastura akaondoka mlangoni. Wanaume wakaingia wakamchukua Bi Hadija, na Mzee Athumani, na umri wake ule, akasukuma vijana akatia bega lake chini ya jeneza. Mwalimu Selemani alitembea mbele, na mpaka wanapotea kwenye kona ya mikorosho midomo yake ilikuwa ikilijaribu lile jina asije akalikosea.

Nyumbani walibaki wanawake. Mastura hakulia bado. Aliketi chini, akalifungua daftari gotini, akachukua penseli. Jina la Nambunga hakulifuta. Alipiga mstari kulitoa mahali lilipokuwa, kisha akaliandika upya pembeni, kwa kubanana, na maneno haya: dada yake, alifia njiani, hakuzikwa, mimi nilimsahau. Halima alikuwa amechuchumaa kando yake anaangalia.

"Bi Mastura, nami nifundishe hizo herufi," alisema.

"Nitakufundisha. Ngoja kwanza nimalize."

Juu ya Hadija akaandika Nantala, amekandamiza mpaka penseli ikatoboa karatasi. Halafu, chini kabisa, akaandika aliyeleta habari ile, ili wajao wajue wamwamini nani: Amesema Athumani, mwana wa Nantala.